Nilivyoweka kumbukumbu za mwanangu nyuma ya daftari la vipimo

Daftari langu la vipimo lina pande mbili. Ukilifungua kwa mbele utakuta wateja: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa gauni, tarehe ya kuchukua, alicholipa na anachodaiwa. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma utamkuta binti yangu. Hapa nitamwita Kibibi, kama bibi yake anavyopenda kumwita. Jina lake halisi ni mali yake, na bado hajafika umri wa kuniruhusu nilitangaze.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwetu Ngamiani, Tanga mjini. Kibibi alizaliwa Mei 2022. Baba yake ni dereva wa lori: anapakia Dar es Salaam, anavuka Tunduma, anaikata Zambia yote mpaka Kasumbalesa, anashusha Lubumbashi. Foleni za mpakani zikikaza, safari moja inakula mwezi na ushei. Na mwezi kwa mtoto mdogo ni mrefu mno. Unamuaga anatambaa, unarudi unamkuta amesimama dede.

Mwanzoni nilikuwa nampiga picha kama wanavyopiga wengi. Namuogesha, namvalisha gauni nililomshonea, namkalisha kwenye mkeka, napiga, namtumia baba yake. Mtoto alipokuwa na miezi kumi, baba yake akanipigia kutoka kwenye foleni. Akasema, "Mama Kibibi, picha nzuri, Mungu akubariki. Lakini zote kapendeza. Mimi nataka kujua leo kafanya nini."

Nilikaa na neno hilo siku nzima. Leo kafanya nini? Alifanya mengi, ila jioni ikifika nilikuwa nakumbuka nusu yake tu, na baada ya wiki hata hiyo nusu imepotea. Kwa hiyo kazi ikawa kutafuta namna ya kuyashika palepale yanapotokea, mchana, vitambaa vya watu vikiwa mezani na mguu uko kwenye cherehani. Usiku sikuutegemea kabisa. Mama anayenyonyesha akilala, alale.

Daftari la vipimo ni kaunta buku, na linakuwa wazi mbele yangu kutwa, kalamu imefungwa kwa uzi wasije wateja wakaondoka nayo. Nikaona hakuna haja ya daftari jingine. Kibibi akifanya jambo, nageuza daftari, naandika mstari mmoja, narudi kwenye mshono. Mstari una tarehe, nani alikuwepo, na jambo lenyewe kama lilivyotokea. Sifa naziacha. Ukiandika "leo mtoto kafurahi sana", baba yake aliyeko Zambia hapati kitu cha kushika. Lakini huu anaupata:

"9/2/2024. Mimi na bibi. Kachukua futi, kamzungushia paka shingoni, kaangalia namba, kasema 'kubwa'. Kaja na chaki, kaandika sakafuni."

Nilipomsomea mstari huo kwenye simu, baba yake aliuliza paka alifanya nini. Nikajua nimepata njia. Ukiona msikilizaji anauliza swali la pili, ujue jambo limemfikia.

Maneno yake nayaandika kama yanavyotoka mdomoni, na pembeni naweka neno kamili, maana baada ya miezi michache hata mimi mwenyewe sitajua "teyani" ilikuwa cherehani. Mkasi ulikuwa "kasi", samaki "maki", viatu "atu". Kuna majira alikuwa akisikia lori lolote la saruji linapita barabara kubwa, anaacha kila alichoshika, anakimbia mpaka ukingo wa baraza, anapiga kelele: "Baba!" Lori la pili, "Baba!" La tatu vilevile, sauti haipungui hata kidogo. Niliandika. Baba yake alipousikia mstari huo akaniomba kitu kimoja: "Nirekodie akiita."

Ndivyo sauti ilivyoingia, na leo naiona ina thamani kuliko picha zote nilizonazo.

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa. Simu yangu memori yake ni ndogo. Video ya dakika moja inakula megabaiti mia moja hivi. Sauti ya dakika moja ni kama megabaiti moja. Baba yake akishavuka mpaka ananunua laini na bando la huko. Video inazunguka tu haifunguki, lakini ujumbe wa sauti unaingia mara moja, hata akiwa kwenye mtandao wa kusuasua. Sababu ya pili ni mtoto mwenyewe. Kibibi akiona simu imeelekezwa kwake anaacha alichokuwa anafanya, anaitaka simu. Ikiwa imelazwa kifudifudi kando ya cherehani, haina habari naye wala yeye hana habari nayo, na mambo yanaendelea kama kawaida.

Na sauti inabeba na vya pembeni. Ukisikiliza moja ya asubuhi utasikia kengele za baiskeli, utasikia muuza kahawa anagonganisha vikombe, utasikia bibi ndani anauliza nani kamwaga maji. Baba yake anasema wakati mwingine anajua ni saa ngapi kabla sijamwambia, kwa kusikia tu mtaa.

Utaratibu wa kurekodi niliuweka hivi. Sizidishi dakika mbili, kwa sababu sauti ndefu hakuna atakayerudi kuisikiliza. Kabla ya kuzima nasema kwa sauti yangu tarehe na mahali: "Leo Jumamosi, tarehe kumi na saba, barazani, mvua inanyesha." Kisha nalibadilisha jina la faili siku hiyohiyo, maana simu inalipa jina la namba zisizoeleweka. Naanza na mwaka, mwezi, siku, halafu neno moja au mawili: 2024-02-17 lori. Ukiyaanza majina na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano, huhitaji kuhangaika kutafuta.

Siku ya kliniki ndiyo siku ya ukurasa mrefu. Watoto wetu hupimwa uzito kila mwezi mpaka wafikishe miaka mitano, kwa hiyo hiyo ni tarehe ambayo huwezi kuisahau, iko kwenye kadi. Kadi yenyewe ina uzito, ina chanjo, ina mstari unaopanda. Mimi naongeza yasiyomo. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na hurudiwa akiwa na miezi 18. Kwenye kadi, chanjo ile ya pili imeandikwa tarehe tu. Kwenye daftari langu imeandikwa kwamba alianza kulia alipoiona mizani ikining'inia, kabla hata hajaguswa, na alipochomwa sindano alinyamaza akamwangalia nesi usoni, akamnyooshea mkono mwingine amuonyeshe bangili. Nesi akamwambia, "Nzuri, mama." Njia nzima ya kurudi alikuwa anaonyesha watu bangili.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wenzangu watakipenda. Kila ifikapo Mei namsimamisha ukutani, nachukua kitambaa chochote kilichopo kwenye kazi siku hiyo, nakata ukanda mwembamba wenye urefu wake sawasawa, unyayo mpaka utosi, napinda ncha zisifumuke, naandika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Ukanda wa mwaka wa kwanza ni kitenge cha njano cha harusi ya mtu. Wa pili ni bluu ya sare za shule. Baba yake akirudi anauning'iniza mlangoni na Kibibi anasimama pembeni yake, na hapo huhitaji kumweleza mtu kwamba mtoto amekua.

Mama mkwe hakupendezwa mwanzoni. Yeye ni mtu wa zamani, anaogopa kijicho. Aliniita akasema, "Mwanangu, mtoto haanikwi kama nguo." Nilimwelewa, na katika hilo nakubaliana naye. Sijaweka uso wa Kibibi kwenye stetasi, sijamweka popote pa watu wote. Sauti zinakwenda kwa baba yake peke yake, ukiacha nakala anayonitunzia kaka yangu. Picha za kuoga au za uchi sipigi kabisa, hata za kumtumia baba yake, kwa sababu simu huibiwa, huuzwa, hupelekwa kwa fundi ikafunguliwa na mtu usiyemjua. Nilipomweleza mama hivyo akaridhika. Jioni moja nilikuwa namwandika Kibibi anavyokataa chungwa la Muheza mpaka litobolewe juu alinyonye, halitaki la vipande. Mama akasema, "Huyo ni baba yake mtupu." Akaanza kunieleza mume wangu alivyokuwa na umri huo: alivyokuwa halali bila kushika sikio la mtu, alivyowahi kuvaa kofia ya babu yake akaenda nayo msikitini peke yake. Mume wangu hana picha hata moja ya utotoni kabla ya kuanza shule. Nikalaza simu mkekani, nikamwacha mama aseme. Sasa nyuma ya daftari kuna watoto wawili, na baba mtu aliisikiliza sauti ile ya mama yake akiwa Tunduma, akaniambia hadithi ya kofia hakuwahi kuisikia maishani.

Yupo pia binti ninayemfundisha kushona. Nikienda sokoni kununua vitambaa na nyuzi, yeye ndiye anayebaki na Kibibi, kwa hiyo yapo anayoyaona ambayo mimi siyaoni. Jioni ananieleza, naandika, na mwisho naweka alama kwamba kasema yeye. Baadaye akaanza kuandika mwenyewe. Anaandika vizuri kuliko mimi, kwa sababu anaona vidogo: mtoto alikuwa anaimba nini, alikuwa ameshika kitu mkono upi.

Rafiki yangu mwalimu wa chekechea aliliona daftari akafurahi mno. Akaniambia chuoni walisoma habari za Jean Piaget, msomi wa Uswisi aliyewatazama kwa makini wanawe watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, akaandika vitendo vyao vya kila siku, na vitabu vyake vikuu kuhusu watoto wachanga vilitokana na hayo. Alikuwa anaficha kitu chini ya kitambaa mbele ya mtoto na kuangalia kama atakitafuta. Mtoto mdogo sana, kitu kikishafunikwa, kwake kimekwisha. Akikaribia miezi minane au zaidi ndipo anaanza kukifunua. Nikarudi nyuma mpaka kurasa za kwanza, Machi 2023. Nilikuwa nimeandika: "Nimefunika chaki kwa kipande cha khanga. Kafunua. Nimefunika tena, kafunua, kaitia mdomoni." Sikujua naandika nini wakati ule. Niliandika kwa kuwa lilitokea.

Rafiki huyo ndiye aliyenieleza pia kwamba watu wazima wengi hawakumbuki chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Hilo limenikaa moyoni. Futi na paka, malori, bangili kwa nesi, yote hayo Kibibi hatabaki nayo. Sisi tuliokuwepo ndio tunayo, na mama mkwe umri umekwenda, na baba yake hakuwepo.

Zipo wiki tupu. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia Idi, na Januari wazazi wanapotaka sare, upande wa nyuma hauna hata mstari. Lakini geuza mbele: oda zimejaa mpaka pembeni mwa ukurasa. Kwa hiyo anayesoma daftari zima anajua mama mtu alikuwa wapi. Ndiyo maana daftari likiisha silichani kutenganisha wateja na mtoto, nalihifadhi lote kama lilivyo.

Kila mwisho wa mwezi nazipiga picha kurasa za nyuma. Mafaili ya sauti nayahamishia kwenye flashi, na kaka yangu mwenye kompyuta ana nakala yake. Sehemu mbili, nyumba mbili.

Shoga yangu wa mtaa wa pili, ambaye mumewe ni baharia, ameniuliza afanyeje, naye ana simu ya kitochi tu. Nilimwambia aanze na daftari la mwanafunzi, alifunge kwa uzi kwenye mguu wa meza ya jikoni, aandike mstari mmoja akisubiri maji yachemke. Tarehe, aliyekuwepo, kilichotokea. Mumewe akipiga simu, amsomee mistari mitatu kabla hawajaanza kuongea habari za hela. Jana alinionyesha ukurasa wake wa kwanza. Mwanawe wa kiume amekataa kuvuliwa kiatu kimoja tangu asubuhi, na amelala nacho.