Corolla 110: kulifikisha Desemba

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A ya cc 1498, giaboksi otomatiki. Kazi yake ni moja: kutoa mikate kwangu Kibaha Maili Moja alfajiri na kuifikisha madukani Kibamba, Mbezi na Kimara kabla watu hawajaanza kutafuta chai. Zamu yangu ya mkopo kwenye SACCOS ni Januari, na nikishaupata nanunua gari la mizigo. Kwa hiyo hili silitengenezi liwe jipya. Nataka linifikishe Desemba, lisinidhuru wala kumdhuru mtu barabarani, na lisile faida yote ya mikate.

Utaratibu niliojiwekea: kinachohusu breki, usukani, matairi na maji ya injini kinatengenezwa siku hiyohiyo. Sura, starehe na kelele vinasubiri. Kilicho katikati nakichunguza kwanza nione kama kitafika Desemba bila kuguswa.

Juni: kuchemsha

Lilianza kuchemsha kwenye foleni ya Morogoro Road. Mshale ulipanda gari likiwa limesimama, likianza kutembea unashuka. Tofauti hiyo ni ya kuishika, maana gari likiwa mwendoni upepo unapita wenyewe kwenye rejeta, likisimama linategemea feni. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akatazama kidogo tu, akasema, "Dada, hiyo gasketi imeungua. Tufungue hedi." Hedi ni kifuniko cha juu cha injini, na gasketi ndiyo inayoziba kati yake na injini. Laki nne na ushee, bado hela ya kwenda kuichonga hedi.

Nilimwambia anipe siku moja nipime. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa nikafungua mfuniko wa rejeta, nikajaza maji mpaka mdomoni, nikawasha, nikasimama pale na tochi. Gasketi ikiungua kati ya silinda na njia ya maji, gesi inayochomwa ndani hupenya, na utaona povu linapanda bila kukoma hata kabla injini haijapata moto. Kwangu vilitoka viputo vichache vya hewa iliyobaki ndani, kisha maji yakatulia. Nikachomoa dipstiki. Oili ilikuwa nyeusi, haina ile rangi ya chai ya maziwa inayotokea maji yakiingia kwenye oili. Moshi mweupe hakuna, maji hayapungui usiku. Hedi ikabaki ilipo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mfuniko wenyewe wa rejeta. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka, springi imelegea. Juu umeandikwa 0.9, maana yake unatakiwa kushikilia mgandamizo wa bar 0.9 zaidi ya ule wa hewa ya nje. Kwa mgandamizo huo maji hayachemki nyuzi 100, yanachemka karibu nyuzi 118. Mfuniko ukivuja umeipoteza nafasi yote hiyo. Mpya nimeununua kwa hela isiyofika bei ya mfuko wa unga wa kilo 25.

Wa pili, swichi ya joto ya feni. Hapa Toyota walifikiria vizuri sana. Injini ikiwa ya baridi, swichi imeunganisha umeme na feni imelala. Joto likipanda, swichi inakata na feni inazunguka. Kwa hiyo ukichomoa plagi ya swichi huku ufunguo uko ON, feni lazima izunguke. Nikachomoa, ikazunguka palepale. Basi mota nzima, rilei nzima, swichi imekufa. Nikaifunga ile plagi kwa tepu ya umeme isiguse chuma, nikaendelea kupeleka mikate feni ikizunguka muda wote mpaka nilipopata swichi Ilala, Shaurimoyo.

Wa tatu hakuwepo kabisa: thamostati, ile vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Kuna fundi wa zamani aliitoa, na ukiuliza utaambiwa nchi yetu ya joto, thamostati ya nini? Nasema wazi kwamba tabia hii inaharibu magari ya watu. Injini ya 5A ina njia ya mchepuko ambayo thamostati huifunga maji yakipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Na asubuhi injini inakawia kupata joto, kompyuta inadhani bado baridi, inaendelea kumwaga petroli. Nimerudisha ya nyuzi 82. Tangu hapo mshale unakaa chini kidogo ya nusu, kwenye foleni na nje ya foleni.

Julai: chaji

Kule kuzungusha feni muda wote kulifichua jambo jingine. Taa zilikuwa zinafifia gari likiwa silensa, yaani limesimama injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Nina mita ndogo ya umeme, nikapima kwenye betri: injini imezimwa na betri imetulia, volti 12.6, betri nzuri. Injini inanguruma, taa zimewashwa, 12.1. Ilitakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4. Duka la kwanza waliniuzia maneno ya alternata nzima, ile mashine inayochaji betri. Fundi umeme wa Maili Moja akaifungua juu ya gunia, akanionyesha kaboni zilizobaki kama nusu ya ukucha, springi zimefika mwisho. Akachomelea kaboni mpya kwa risasi, akasafisha zile pete za shaba kwa msasa laini, akairudisha. Mita ikasoma 14.1. Kwa kazi ya aina hii mtu anastahili kulipwa bila kubembelezana.

Agosti: breki

Hapa sikutafuta unafuu. Pedali ilianza kuzama taratibu ukiikanyaga na kuishikilia. Tulipofungua magurudumu ya nyuma, la kushoto shuu zake, zile zinazobana gurudumu lisimame, zilikuwa zimeloa. Wili silinda, ile inayosukuma shuu kwa mafuta ya breki, inavuja. Fundi alipendekeza kubadili vile vimpira vya ndani tu. Ukiitazama silinda yenyewe kwa mwanga, ukuta wake ulikuwa na vishimo vya kutu, na mpira mpya ukipita juu ya vishimo hivyo haudumu. Nikanunua wili silinda mpya mbili, kushoto na kulia, na shuu mpya pande zote.

Mafuta ya breki yalitoka meusi. DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205, lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha kiwango hushuka mpaka karibu 140. Yakichemka kwenye mteremko una mvuke kwenye bomba, na mvuke unabonyea, pedali inakwenda chini na gari halisimami. Tumeyatoa yote, tukapitisha mapya gurudumu kwa gurudumu mpaka yakatoka safi.

Siku hiyohiyo boljointi ya mbele kulia, kiungo kinachoshikilia gurudumu, ilikutwa inacheza. Imebadilishwa. Boljointi ikichomoka, gurudumu linalala.

Oili

Linakula oili, na litaendelea kula. Moshi wa bluu unatoka asubuhi likiwashwa, kisha unapotea: hizo ni sili za vali zimekauka, oili inachuruzika usiku. Kufungua injini kwa ajili ya gari la miezi michache ni kutupa hela. Naweka 20W-50, galoni ipo kwenye buti, na kila ninapojaza petroli napima dipstiki gari likiwa sehemu tambarare. Kinachoua injini hizi ni kusahau kupima. Ile ya kula kidogo inavumilika.

Visivyoguswa

Mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali ziende sawa na pistoni. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000, na hakuna anayejua huu ulifungwa lini. Lakini 5A imetengenezwa hivi kwamba mkanda ukikatika vali hazigongani na pistoni: gari linazima, unavutwa, unafunga mkanda mwingine. Ingekuwa injini ya aina nyingine ningeubadili siku ya kwanza. AC haipo. Kioo cha nyuma kimebanwa kwa kipande cha mbao. Bampa lina waya.

Oktoba: mvua za vuli

Mvua zilipoanza injini ikawa inamisi alfajiri, yaani inakatakata bila kuchoma sawasawa, hasa hewa ikiwa na unyevu. Nikasubiri giza, nikafungua boneti, nikazima taa ya nje, nikamwambia mdogo wangu awashe. Kwenye waya wa plagi wa silinda ya pili cheche ndogo za bluu zilikuwa zinaruka kwenda kwenye chuma, tik, tik, tik. Huhitaji kipimo kingine. Seti mpya ya nyaya, plagi mpya, na mfuniko wa distribyuta, kinachogawa umeme kwenda kwenye plagi, umesafishwa na kukaushwa. Kumisi kumeisha.

Novemba: giaboksi

Sasa gia inachelewa kuingia asubuhi, na kutoka ya pili kwenda ya tatu injini inapanda mlio kabla haijashika. Oili ya giaboksi nimeipima kama inavyotakiwa, injini ikinguruma na ikiwa imepata moto: kiwango sawa, rangi ya kahawia, harufu ya kuungua kidogo. Nimemwaga ile inayotoka kwenye nati ya chini tu, nikarudishia kiasi kilekile cha Dexron, oili ya giaboksi otomatiki. Kuitoa oili yote kwenye giaboksi iliyochoka ni kutafuta kuzimaliza zile klachi zilizobaki. Imepata nafuu kidogo. Naondoka taratibu, silikanyagi mafuta kwa nguvu.

Giaboksi siifungui. Ikikata kabla ya mwaka kuisha, nimeshaongea na kijana mwenye guta pale stendi, atachukua mikate alfajiri kwa wiki zilizobaki, na nimepiga hesabu: bado nafuu kuliko giaboksi ya mtumba. Kuna fundi wa Mlandizi analitaka gari kwa ajili ya injini na milango. Nimemweleza yote, moshi wa asubuhi na gia inavyosita, na tumepatana bei kwa hali hiyo. Atakuja Januari.