Miezi minne nikifukuzana na dramu

Video yangu ya katuni na muziki ina dakika tatu na sekunde arobaini. Ilinichukua kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na Julai ya Mbeya wenyeji mnaijua. Nilihariri nimevaa koti, soksi mbili mbili, na mkono mmoja kila mara uko kwenye kikombe cha chai.

Kazi niliifanyia kwenye steshenari ya mama mdogo pale Kabwe. Mchana natoa fotokopi na kuchapa barua za maombi ya kazi. Jioni yeye anapanda bajaji kwenda Uyole, mimi nabaki na funguo na kompyuta. Sharti lake lilikuwa moja: "Ukiniulia hiyo mashine, na wewe ufie humohumo."

Kwa asiyejua, hizi video tunaziita AMV. Unachukua vipande vya katuni za Japani, unavikata na kuvipanga juu ya wimbo mpaka vionekane vilizaliwa pamoja. Wimbo wangu ulikuwa wa roki, wa bendi ya hukohuko Japani. Huku kwetu ukifungulia roki kwa sauti, jirani anadhani spika imepasuka. Katuni yenyewe nilijaziwa kwenye flashi pale Mwanjelwa, vipindi 24: msichana mmoja mwenye upanga, hacheki hata siku moja.

Nilianza kwa ujinga wa kila anayeanza. Wimbo una mapigo 160 kwa dakika, nikaamua kila pigo lipate picha yake. Nusu dakika ya kwanza ikala vipande 80. Kuitazama ilikuwa kama kukaa siti ya nyuma kabisa ya daladala kwenye barabara ya mashimo. Baya zaidi, kila nilipokata panalingana mwanzoni, halafu taratibu picha zinaachana na dramu, na mwendo wa yule msichana una kigugumizi.

Kigugumizi kilinisumbua wiki mbili kabla sijagundua nimeianzisha kazi kwa fremu 30 kwa sekunde, yaani zile picha moja moja zinazounda video, wakati katuni ina 24. Kwa hiyo programu, ili kujaza pengo, ilikuwa inarudia fremu moja kila baada ya nne. Ndiyo ile kukwama-kukwama. Na hesabu ya mapigo nayo ilikuwa inakataa: kwa fremu 30, pigo moja la wimbo wangu ni fremu 11 na robo, na robo ya fremu huwezi kuikata. Nikafuta kila kitu, nikaanza upya kwa 24. Pigo likawa fremu tisa kamili. Nilishangilia peke yangu usiku ule mpaka mlinzi akaja kugonga mlango.

Nilishangilia mapema. Kwa kweli katuni zinakwenda fremu 23.976. Tofauti unaiona ndogo, lakini ukihesabu tisa tisa bila kusikiliza, ukifika mwisho wa wimbo umeshachelewa kama fremu tano. Tangu hapo hesabu inanisogeza karibu tu, na sikio ndilo linaamua.

Aliyenifungua macho ni binamu yangu, anapiga dramu kanisani kule Iyunga. Alikuja kutoa kopi za nyimbo za kwaya, nikamwonyesha zile sekunde thelathini. Akatazama hadi mwisho, akanyamaza.

"Kaka, sema tu."

"Dogo, wewe unapiga kila kitu. Na mimi nikipiga kila kitu, kwaya itaimba saa ngapi?"

Akaanza kupiga kwa vidole juu ya mashine ya fotokopi. Akanifundisha kusikia pigo la pili na la nne, zile ambazo mtu anapigia makofi bila kuambiwa. Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiwaza: mkono wake unanyanyuka kabla ya sauti. "Watu wanauona mkono kwanza. Wakishauona, wanalisubiri pigo."

Usiku ule nikarudi kwa yule msichana. Badala ya kuukata mkanda juu ya pigo, nikaacha kipande kiingie mapema, upanga uanze kushuka kimyakimya, na pale chuma kinapogusa chuma ndipo dramu ilie. Picha haikubadilika hata mara moja, lakini pigo uliliona. Katuni zinasaidia sana kwa hili, kwa sababu hazichorwi picha mpya kwa kila fremu. Mchoro mmoja mara nyingi unakaa fremu mbili au tatu, kwa hiyo ukisogea fremu moja moja, mahali upanga unapogonga panaonekana wazi.

Vikwazo vingine nisivirefushe. Maandishi ya tafsiri yalikuwa yamechapwa ndani ya picha yenyewe, nikayafunika kwa mistari myeusi juu na chini, pikseli 88 kila upande, na watu wanadhani ni mbwembwe za sinema. Kompyuta ya RAM GB 4 ilikuwa inaganda nikirudi nyuma, mpaka nilipoiambia Kdenlive, programu yangu ya kuhariri, initengenezee nakala nyepesi za kuhariria. Umeme ulikatika sijahifadhi, saa mbili za kazi zikaenda. Siku hiyo nilitaka kuacha. Kilichonizuia ni kumkumbuka Jim Kaposztas, Mmarekani anayetajwa kuwa ndiye aliyetengeneza AMV ya kwanza, mwaka 1982, kwa deki mbili za kanda. Alichukua mapigano ya katuni ya vita vya angani akayawekea wimbo wa The Beatles unaohubiri upendo. Mtu wa deki mbili hakulalamika, mimi nani?

Ila mstari mmoja wa kiitikio ulinipa raha kuliko vyote: nilitaka msichana auimbe. Midomo ya katuni ni michache. Huyu wangu alikuwa na mitatu, uliofungwa, nusu, na wazi. Nikaikusanya kutoka vipindi tofauti, nikaipanga kwa silabi. Sekunde sita, usiku tatu.

Video nzima ikaisha na vipande 131. Niliipandisha mtandaoni, dakika chache tu sauti ikazimwa kwa ajili ya haki za mwenye wimbo. Sawa, wimbo si wangu. Sasa inatembea kwa flashi.

Mama mdogo aliikuta asubuhi inacheza kwenye kioo. Akasimama na mkoba begani hadi mwisho, pale msichana anaporudi kwenye nyumba yenye giza na kuweka upanga mlangoni.

"Huyu mtoto, mama yake yuko wapi?"

Sikuwa nimeweka neno lolote kuhusu mama yake. Nilikuwa nimeweka tu viatu viwili mlangoni mwanzoni, na kimoja mwishoni.

"Alikufa, mama."

Akaweka mkoba chini, akawasha mashine ya fotokopi. "Pole yake. Na hizo kelele, haziwezi kupungua kidogo?"