Jinsi ninavyowachuja wafanyakazi wa nyumba yangu ya wageni Diani, Pwani ya Kenya

Cheti cha tabia njema peke yake hakitoshi, na inaniudhi wenye hoteli wenzangu wanavyozidi kuambiana kwamba kinatosha. Cheti hicho, kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kinakueleza kama mtu ana rekodi ya jinai. Hakikuelezi kama aliwahi kukabidhiwa funguo za chumba cha mgeni. Mwingine alinishauri nichukue vitambulisho vya wafanyakazi nivifungie kwenye sefu. Sifanyi hivyo kamwe.

Nilipofungua, baa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Alikuja kijana nadhifu, CV imepangika, misimu kadhaa kwenye hoteli moja ya Malindi. Mdhamini wake, yule aliyemtaja kwenye CV kuwa alifanya naye kazi hotelini, alipokea simu papo hapo, akammwagia sifa. Nikaziacha sifa, nikauliza mambo madogo niliyokwisha kumuuliza kijana: nani hukaa na funguo za stoo ya vinywaji, na chupa iliyofunguliwa inahesabiwaje asubuhi? Kijana alisema wanapima kwa mizani na funguo anazo meneja wa baa. Mdhamini akasema, "Tunaangalia kwa macho tu, bosi," na funguo akasema anazo mpishi! Nikatafuta mwenyewe namba ya mapokezi ya hoteli ile, nikaomba ofisi ya wafanyakazi. Hawakumjua kijana, wala mdhamini wake.

Siku hizi naanza na mapokezi ya hoteli aliyofanyia kazi mtu, namba ya kwenye CV baadaye. Shida ni kwamba hoteli nyingi za Pwani zilifungwa wakati wa Korona mwaka 2020, na nyingine simu haziiti hadi leo. Hapo naomba fomu ya P9, ile ya kujazia ritani za kodi za KRA, mamlaka ya mapato. Ina jina la mwajiri na malipo ya mwezi kwa mwezi. Mshahara aufunike akitaka, mimi nataka jina na mwaka.

Kuna mama aliyekuja na cheti cha kazi chenye tarehe na cheo tu. Nikaambiwa nijihadhari, mbona hakusifiwa? Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe cheti, haimlazimishi kusifu. Nikamjaribu kwa kumpa asafishe chumba ambacho mgeni alikuwa ametoka tu. Kabla ya kugusa shuka aliinua godoro, akamulika mishono kwa tochi ya simu kutafuta kunguni. Akafungua kila droo, akakuta chaja, akaipeleka mapokezi na kusimama pale hadi ikaandikwa kitabuni. Leo stoo ya mashuka iko mikononi mwake.

Cheti cha DCI bado nakitaka, ila baada ya kukubaliana kumwajiri mtu. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria hiyo ya Ajira yanakataza kumdai mwombaji vyeti vya namna hiyo kabla hujakusudia kumpa mkataba. Ada ni elfu moja na kidogo kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na naona aibu kumtoza mtu ambaye hajapokea mshahara, kwa hiyo nalipa mimi. Wa jikoni nawalipia na kipimo cha afya, kila miezi sita.