Safari ya Osaka: Kuhesabu Kushoto na Kulia

Treni ya uwanja wa ndege wa Kansai ilinifikisha Namba, nikapanda ya chini ya ardhi hadi Senri-Chuo, kisha monoreli iliyopita karibu na Mnara wa Jua, uliosimama pale tangu Maonyesho ya Dunia ya 1970. Nilishuka Handai-byoin-mae na kumalizia kwa miguu hadi RCNP, kituo cha fizikia ya viini cha Chuo Kikuu cha Osaka. Nilitoka Dar es Salaam kwa jambo moja tu: kuona jinsi kiini cha atomu kinavyojibu kinapoulizwa habari za spini, ile sifa inayoifanya protoni iwe kama sumaku ndogo.

Kiini kinapogongwa hutetemeka, na mitetemo miwili hujichanganya. Katika ule wa umeme, protoni huyumba upande mmoja na nyutroni upande wa pili. Katika ule wa sumaku, spini ya chembe ndani ya kiini hupinduka. Ndani ya risasi-208, aina ya ile metali nzito ambayo kiini chake kina protoni na nyutroni 208, yote miwili huonekana kwenye nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 7 hadi 8, kwa hiyo kupima nishati peke yake hakutoshi. Ndiyo maana kazi ya risasi iliyochapishwa kutoka hapa mwaka 2011 ilinivuta tangu nilipoisoma.

Saiklotroni, mashine ya kuziongezea chembe kasi, hurusha protoni zenye elektronivolti milioni 295, karibu theluthi mbili ya kasi ya mwanga, spini zake zikiwa zimeelekezwa upande mmoja kabla hazijaondoka. Sumaku za spektromita ya Grand Raiden, chombo cha kupimia nishati ya chembe, ambazo ukizisimamia karibu unajiona mdogo mno, huzikunja zile zilizotawanyika kulingana na nishati iliyobaki.

Muda mwingi haukwenda kwenye kupima, bali kwenye kuusafisha mwale, yaani mkondo wa protoni. Tulikuwa tukipima kwenye nyuzi sifuri, ambako protoni zilizogonga kiini hutoka zikiambatana na mwale wenyewe, hivyo protoni chache tu zilizopotoka njiani huharibu kila kitu. Tuliweka fremu tupu ya alumini, isiyo na karatasi nyembamba ya bati (metali ambayo viini vyake ndivyo tulivyotaka kuvipima) ndani yake, tukahesabu. Namba ilikuwa kubwa mno. Mhandisi wa zamu alirekebisha sumaku kidogo kidogo, kwa subira ambayo bado naistahi, tukahesabu tena na tena hadi fremu tupu ikakaa kimya.

Ndipo karatasi ya bati ikaingia. Nyuma ya spektromita, protoni ziligonga bamba la kaboni, na kwa kuwa spini huamua upande zinakopendelea kuruka, vigunduzi vilihesabu za kushoto na za kulia. Tofauti ya hesabu hizo, ikilinganishwa na spini ya mwanzo, huonyesha iwapo spini ilipinduka kwenye kiini. Majibu haya yana uzito hata kwa nyota zinazolipuka, kwa sababu nyutrino, chembe ndogo mno, zinazopita humo husukuma viini kwa njia inayofanana na hiyo.

Kulipopambazuka nilikuwa bado mbele ya kioo cha kompyuta, safu ya kushoto ikiizidi ya kulia polepole.