Siku moja maishani mwangu: kompaila inapoishiwa rejista

Saa 2:00 asubuhi
Ripoti ya vipimo vya usiku imeshaingia. Kasi ya programu nyingi iko palepale, isipokuwa ile ya kuzidisha matriki, ambayo imezorota waziwazi. Nafungua asembli, yaani amri za prosesa ambazo kompaila imeutafsiria msimbo. LLVM, mfumo wa kutengenezea kompaila, ina ustaarabu wa kuandika maoni pembeni mwa kila mstari unaomwaga thamani kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu), na pembeni mwa kila unaoirudisha. Kitanzi cha ndani kabisa, yaani sehemu inayorudiwa raundi kwa raundi, kimejaa maoni hayo.

Saa 3:00
Kwa asiyeijua kazi hii: programu inaweza kuwa na vigeu vingi ipendavyo, lakini rejista za prosesa, yaani vishikio vidogo vya thamani vilivyo ndani yake, ni chache. Prosesa za aina ya x86-64 zina 16 za kawaida, moja ikiwa imeshikwa na staki, na ukitumia AVX2, nyongeza ya amri za vekta (namba kadhaa zinazofanyiwa kazi kwa pamoja), unapata 16 nyingine za vekta. Thamani zilizo hai kwa wakati mmoja zikizidi hapo, lazima baadhi zimwagwe kumbukumbuni. Kigawaji cha rejista huzipima: hii inatumika mara ngapi, imo ndani ya vitanzi vingapi, inaishi kwa muda gani? Ile inayokaa muda mrefu bila kuguswa ndiyo hutolewa kwanza.

Kwenye kitanzi hiki hakuna ya namna hiyo. Zote zinaguswa kila raundi.

Saa 4:30
Nahesabu kwa kalamu. Kitanzi kimekunjuliwa, yaani kinafanya kazi ya raundi kadhaa kwa mkupuo: mistari 8 kwa vekta 2, jumla vikusanyio 16 (rejista zinazobeba jumla inayoendelea). Hivyo peke yake vinamaliza rejista zote za vekta, na bado hatujapakia hata kipande kimoja cha matriki yenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa mistari 4, vikusanyio 8, nafasi tele. Kumbe kanuni ya kukunjua vitanzi imebadilishwa.

Na kikusanyio ndicho kitu kibaya kuliko vyote kumwaga. Kila raundi inasubiri jumla ya raundi iliyotangulia. Kwenye Skylake, prosesa ya Intel, amri ya kuzidisha na kujumlisha huchukua mapigo 4 ya saa. Ukiipitisha jumla hiyo kumbukumbuni, hata kama prosesa inaipokeza moja kwa moja kutoka amri inayoandika kwenda amri inayosoma, mnyororo mzima unarefuka angalau maradufu.

Saa 6:00 mchana
Mwenzangu mgeni kwenye timu anakuja na wazo: "Kaka, kwa nini tusiboreshe algoriti ya kigawaji?"

Swali la haki. Tangu Chaitin na wenzake wa IBM walipoligeuza suala hili kuwa kupaka grafu rangi (thamani zilizo hai pamoja zisipate rangi moja), mwaka 1981, watu hawajaacha kuliboresha. Lakini hapa hata jibu kamilifu lisingetusaidia, maana thamani 17 haziingii kwenye rejista 16. Namwambia kwamba kigawaji hulaumiwa kwa sababu tu ndicho cha mwisho kupokea mzigo. Aliyeupakia, yaani sehemu ya kompaila inayokunjua vitanzi, yuko hatua nyingi nyuma, na ameshaondoka.

Saa 7:00
Mkutano. Tupite.

Saa 8:00
Kwenye faili jingine naona namba isiyobadilika inamwagwa kisha inasomwa tena, ilhali amri moja ingeiunda upya papo hapo. Hilo naliandikia marekebisho ya mistari michache.

Saa 9:30 alasiri
Narudi kwenye kitanzi. Sasa anayekunjua atauliza kwanza prosesa ina rejista ngapi za vekta. AVX-512 (nyongeza pana zaidi ya AVX2) na AArch64 (prosesa za ARM za biti 64) zina 32, kwa hiyo mistari 8 ibaki huko. Kwa AVX2 hesabu inatoa 6: vikusanyio 12, rejista 2 za matriki ya pili, 1 ya kwanza, jumla 15. Kanuni ya zamani ilipenda vipeo vya 2 tu, kwa hiyo 6 haikufikiriwa kabisa.

Saa 11:00 jioni
Hakuna kinachomwagwa tena ndani ya kitanzi. Mkaguzi anauliza: je, kukiwa na wito wa funksheni ndani yake? Kanibana. Kwa kanuni za System V, makubaliano ya jinsi funksheni zinavyoitana kwenye mifumo kama Linux, funksheni inayoitwa hailazimiki kuhifadhi hata rejista moja ya vekta, kwa hiyo 16 zangu zinakuwa 0 pale penye wito. Naongeza sharti kwamba kitanzi cha aina hiyo kisikunjuliwe, naanzisha vipimo upya, nafunga kompyuta.