Embe silitupi, juisi nimeiacha

Tangu Januari nimepungua kilo 6, na kila nikisimama kwa mama wa matunda pale stendi ya Nyegezi, shoga yangu ananionya: "Embe lina sukari hilo!" Ni kweli. Gramu 100 za embe zina sukari kama gramu 14. Ila nikilitafuna napata maji na nyuzinyuzi, nashiba, la pili silimalizi.

Kilichoniangusha mimi ni juisi. Maembe matatu kwenye glasi moja, yamechujwa, na baada ya saa moja njaa ileile! Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka tupunguze sukari ya kuongezwa na ya juisi pia. Ya tunda zima halikuigusa. Sasa embe langu moja nalila saa kumi jioni, mahali pa andazi.