Kwa nini tuligeuza Cherangani

Jumamosi tulikuwa tupande milima ya Cherangani kwa upande wa Pokot Magharibi. Tuligeuza njiani, na wengi wameniuliza sababu, maana mvua ilikuwa imekatika na jua linawaka.

Jua la asubuhi moja halikaushi mlima. Mvua ilikuwa imepiga wiki nzima, udongo umeshiba. Maji yakijaa ndani yake unazidi kuwa mzito na kushikana kunapungua, na kwenye mteremko mkali hapo ndipo unapoachia na kuporomoka. Mzee aliyekuwa akituongoza alitupeleka juu ya shamba la mahindi, akatuonyesha ufa mrefu uliopinda, ngumi inaingia, kingo bado mbichi na mizizi ya nyasi imekatika juzijuzi. Chini yake nguzo za ua zilikuwa zimeinamia bondeni. Kijito ambacho huwa safi kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

“Wanangu, hapa hatupiti,” akasema. Hakuna aliyebisha, na namshukuru sana.

Novemba 2019 maporomoko ya udongo yaliua makumi ya watu katika kaunti hii hii baada ya mvua kubwa ya usiku. Kwa hiyo nawasihi mnaopenda milima: msimu wa mvua muulizeni mwenyeji kabla ya kuangalia utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Na mkiona mto umepungua ghafla huku mvua bado inanyesha, huenda udongo umeuziba huko juu. Tokeni bondeni mara moja, mpande kando, msifuate mkondo.